Mali Bila Daftari: Safari ya Jeti Ndogo za Mtumba

Makasha manne yaliwekwa juu ya meza, na mwenye ndege akanisogezea la kwanza. Ilikuwa Machi 1998, ndani ya hanga moja pembezoni mwa mji wa Wichita, jimbo la Kansas, na upepo wa baridi ulikuwa unatikisa milango ya bati. Ndege yenyewe, Cessna Citation II iliyoundwa 1981, ilisimama hatua kumi tu kutoka nilipokaa, imeng'arishwa hadi taa za darini zinaonekana ubavuni mwake. Sikuinuka kwenda kuiangalia. Nilisoma karatasi siku nzima, na kesho yake hadi adhuhuri. Mwenye ndege alinijia mara mbili kunikumbusha kwamba mali iko pale, imewashiwa taa, ngazi imeshushwa. Nikamshukuru, nikafungua ukurasa mwingine.

Ndivyo nilivyofunzwa. Niliingia Uwanja wa Wilson, Nairobi, mwaka 1986, kijana wa kushika tochi na kufua matambara ya grisi, nikawekwa chini ya mzee mmoja aliyekuwa ameshika spana tangu enzi za ukoloni. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, nao walikuwa wakimwonya mwenye duka. Mzee wangu alilipeleka onyo hilo kwenye ndege. Kila ilipoletwa ndege iliyotoka kwa mwenyewe mwingine, sisi vijana tulikimbilia injini, naye alituita turudi. "Kijana, bati halitoroki," alikuwa akisema. "Kaa chini kwanza usome."

Nimestaafu sasa, na watu wengi huniuliza jinsi ya kununua jeti ndogo iliyotumika. Huniuliza bei, kasi na viti. Mimi huanza na historia, kwa sababu biashara hii ya mtumba wa angani ilijengwa na karatasi kuliko ilivyojengwa na bati, na asiyejua ilikotoka hununua rangi na ngozi ya viti.

Ilianzia mji ule ule nilioketi na makasha yangu. Wichita ni mji wa ndege kama Lamu ilivyo mji wa majahazi. Clyde Cessna alianzisha kiwanda chake huko 1927, Walter Beech na mkewe Olive Ann wakafuata na chao 1932. Mwaka 1962 akahamia hapo mtu mwingine, William Lear, ambaye hakumaliza hata masomo ya sekondari lakini alikwisha jipatia jina kwa redio za magari na mitambo ya kujiongozea ndege. Lear alikuwa ametoka Uswisi. Kule alivutiwa na ndege ya kivita iliyoitwa P-16, ambayo serikali ya Uswisi iliiacha baada ya ajali mbili. Aliona kwamba ubawa wake ungefaa kubeba wafanyabiashara.

Jeti za wakubwa zilikuwapo kabla yake. Wafaransa walirusha Morane-Saulnier Paris yenye viti vinne mwaka 1954, na Lockheed ikarusha JetStar mwaka 1957. Ile ya kwanza ilikuwa finyu kama gari dogo, na ya pili ilikuwa kubwa, ya kampuni zenye fedha za serikali ndogo. Lear alitaka kitu cha katikati. Alikaza uzito wa ndege yake usivuke kilo 5,670, mpaka ambao sheria za Marekani ziliuweka kati ya ndege ndogo na kubwa, ili aipitishe kwa masharti mepesi zaidi. Akaitia injini mbili za General Electric zilizozaliwa kutoka injini za kijeshi. Learjet 23 ikaruka mara ya kwanza tarehe 7 Oktoba 1963.

Juni mwaka uliofuata ndege hiyo ya kwanza ilianguka ikiwa kwenye majaribio pamoja na rubani wa serikali. Vibao vya kupunguza nguvu ya ubawa vilikuwa vimeachwa wazi wakati wa kuruka. Hakuna aliyekufa. Lear alilipwa fidia ya bima, akaendelea na kazi, na Julai 1964 akapata cheti. Oktoba mwaka huo mteja wa kwanza akachukua ndege yake. Zilitengenezwa takriban mia moja hadi 1966, na zaidi ya ishirini kati yake zikaishia katika ajali, maana zilikuwa na kasi ya ndege ya kivita mikononi mwa marubani waliozoea rafadha. Kampuni yenyewe Lear aliiuza 1967.

Cessna waliyatazama hayo yote wakiwa mtaa wa jirani, wakachagua njia ya polepole. Citation yao ilirushwa Septemba 1969 na kupata cheti Septemba 1971. Waliipa jina la farasi aliyeshinda mashindano yote makuu matatu ya Marekani mwaka 1948, ingawa wapinzani waliicheka kwa uzembe wake angani. Ubawa wake ulikuwa umenyooka, haukupindishwa nyuma, na injini zake za Pratt & Whitney za Kanada zilikuwa za feni, zenye kelele kidogo na ulaji mdogo wa mafuta. Bei yake mwanzoni ilitangazwa kuwa dola 695,000, mafunzo ya marubani yakiwa ndani yake.

Kwa mtu wa Nairobi, ubawa ule ulionyooka ndio kila kitu. Wilson iko takriban mita 1,690 juu ya usawa wa bahari. Saa sita mchana hewa yake ni nyepesi, injini inahema, ubawa unatafuta pa kushika, na njia ya kurukia ina urefu wa kilomita moja na nusu hivi. Ndege ya mbio inayoteleza vizuri juu sana inahitaji ardhi ndefu ili itoke. Citation hutoka mapema na kurudi polepole. Sifa iliyochekwa huko Marekani mwaka 1971 ndiyo iliyoifanya ikubalike kwetu miaka ishirini na thelathini baadaye, ilipofika ikiwa mtumba.

Sasa, jeti mpya hununuliwa mara moja tu, kisha maisha yake yote yaliyobaki ni ya kuuzwa tena na tena. Ndege ndogo za rafadha zilikwisha kuwa na soko lao la mtumba muda mrefu. Trade-A-Plane, gazeti la matangazo lenye karatasi za manjano, lilianza kuchapwa Crossville, Tennessee, mwaka 1937, na marubani wengi walilisoma kama mkulima anavyosoma mawingu. Jeti zilihitaji muda. Ilibidi kwanza ziundwe nyingi, kisha wenyewe wakwame.

Walikwama mwaka 1970. Uchumi wa Marekani ulidorora na kampuni zikaanza kupunguza anasa. Wakati huo kijana mmoja aliyetoka vitani Vietnam, Fred Smith, alikuwa amepata umiliki wa kampuni ya Arkansas Aviation Sales mjini Little Rock, akaigeuza kuwa ya kununua na kuuza jeti zilizotumika. Akiwa katika udalali huo alijifunza bei, akajifunza nani anauza kwa shida. Pan American ilikuwa imeagiza Falcon 20 nyingi za Kifaransa kwa ajili ya soko la Marekani, na baadhi zilikuwa hazina wanunuzi. Smith akazichukua, akazigeuza za mizigo, na usiku wa tarehe 17 Aprili 1973 ndege zake 14 zilianza kusafirisha vifurushi kutoka Memphis. Usiku huo zilibeba vifurushi 186. Kampuni yake, Federal Express, inajulikana leo hadi vijijini, na moja ya Falcon zile imehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Smithsonian karibu na Washington. Ilianzia kwa dalali wa jeti za mitumba aliyejua kusoma soko.

Lakini mtu ananunuaje chombo cha mamilioni kutoka kwa asiyemjua, chombo ambacho kosa lake huua? Gari la mtumba likizima unasukuma kando ya barabara. Jibu la swali hilo lilijengwa kidogo kidogo, na lote ni la karatasi.

Karatasi ya kwanza ni ya umiliki. Hati za ndege za Marekani husajiliwa Oklahoma City. Ukitaka kununua, mtu wako huko hufukua jalada la ndege hiyo tangu ilipotoka kiwandani: nani alimuuzia nani, benki gani iliweka rehani, na kama rehani hiyo ilifutwa kwa maandishi. Fedha yako haiendi kwa muuzaji, huketi kwa wakala wa amana hadi hati zote zitimie. Mwaka 2001 mataifa yalikutana Cape Town na kukubaliana juu ya daftari moja la dunia kwa rehani za ndege. Lilifunguliwa Dublin, Ireland, mwaka 2006, na Kenya iliridhia mkataba huo mwaka huo huo. Kabla ya hapo, ndege yenye deni nchi moja iliweza kuuzwa nchi nyingine, na mnunuzi akaja kujua siku ambayo mahakama imemfungia hanga.

Karatasi ya pili ni ya injini. Mwaka 1962 kampuni ya Uingereza ya Bristol Siddeley ilibuni mpango wa kumtoza mwenye ndege kiasi fulani kwa kila saa ya kuruka, nayo ikabeba matengenezo ya injini za Viper zilizokuwa kwenye jeti ya de Havilland 125. Mpango wa namna hiyo umeenea sasa, na unabadilisha bei ya mtumba kuliko rangi yoyote. Injini za Citation II hufunguliwa sehemu ya moto zikifika saa 1,750 na kufanyiwa matengenezo makubwa zikifika saa 3,500. Ndege mbili pacha, moja ikiwa imebakiza saa 200 na nyingine saa 3,000, si bei moja hata kama zimelala kwenye hanga moja.

Karatasi ya tatu ndiyo logibuku, daftari la matengenezo. Hiyo ndiyo iliyonikalisha Wichita siku moja na nusu.

Katika kasha la pili nilikuta ukurasa wa 1987. Ndege ilikuwa Ohio wakati huo. Fundi mmoja, kwa mwandiko wa wino wa buluu uliosimama wima, aliandika kwamba ndege mwenye manyoya aligonga ubawa wa kushoto, kwamba ameondoa bati lililobonyea, ameweka kiraka cha kipimo fulani, ametumia ribiti ishirini na mbili, amekagua mbavu za ndani na kuzikuta nzima. Akaweka tarehe, namba ya leseni na sahihi. Sentensi sita tu.

Nilinakili ukurasa ule. Adhuhuri ya siku ya pili ndipo nilipoinuka kwenda kwa ndege. Nililala chali juu ya kigari, nikaingia chini ya ubawa wa kushoto na tochi na kioo cha mkono. Rangi ilikuwa imepakwa upya angalau mara moja tangu 1987, kiraka hakionekani kwa mtu aliyesimama. Nikapitisha kidole hadi nikahisi ukingo. Nikahesabu ribiti kwa ncha ya kalamu, moja moja, nikirudia. Ishirini na mbili.

Sitasahau utulivu ulionijia pale chini. Ikiwa fundi huyu alisema kweli juu ya ribiti, nilikuwa na sababu ya kumwamini juu ya mbavu za ndani, mahali ambapo jicho langu halikufika. Tulifanya yote mengine: tukapitisha kamera nyembamba ndani ya injini kutazama mapanga ya turbini, tukainua zulia na kufungua sakafu chini ya choo, ambako maji hujificha na kula bati, tukainua ndege juu ya jeki na kukunja magurudumu mara tano. Tulikuta breki zimeisha na mpasuko mdogo kwenye kioo cha rubani, tukapunguziwa bei. Lakini uamuzi wangu ulikuwa umekwisha fanyika chini ya ubawa.

Miaka sita baadaye nilitumwa Florida na mnunuzi mwingine. Ndege ilikuwa nzuri kuliko ile, viti vya ngozi ya rangi ya maziwa, mbao zinang'aa, na bei yake ilikuwa chini kiasi cha kumfanya tajiri wangu anipigie simu kila saa aulize kama nimemaliza. Kwenye daftari la tatu tarehe ziliruka. Kulikuwa na miezi kumi na minne bila neno. Nikaambiwa ndege ilikuwa nchi nyingine, na kumbukumbu za huko zilipotea wakati wa kuhama ofisi. Nikafungua kifuniko cha nyuma karibu na mkia. Kwenye maungio ya bati kulikuwa na unga mweupe, ile kutu ya alumini inayoletwa na hewa ya chumvi, na juu yake mtu alikuwa amepiga rangi. Aliyeficha kutu alijua anachofanya.

Nilimpigia tajiri nikamwambia tuondoke. Alikasirika, akasema nimemkosesha ndege ya maisha yake, na hatukufanya kazi pamoja tena. Ndege ile ilichukuliwa na mtu mwingine. Baada ya miaka miwili nilisikia imesimamishwa na kuuzwa vipuri. Rahisi huwa ghali, na kwenye jeti ughali wake hujulikana baada ya kulipa.

Yapo pia mambo ambayo hata daftari safi haliyazuii, nayo ni sheria. Januari 2005 Marekani ilikaza masharti ya ndege zinazoruka kati ya futi 29,000 na 41,000. Afrika ilifuata 2008. Jeti kuukuu isiyo na vipimo vipya ilibaki chini, inakunywa mafuta kama maji, na bei yake ikaporomoka. Mwisho wa 2015 Marekani ilipiga marufuku jeti ndogo zenye kelele za zamani. Learjet za kwanza, zile zenye injini za ukoo wa kijeshi, zikabaki bila pa kwenda isipokuwa zile zilizofungwa vizuia kelele. Citation zilizochekwa kwa uzembe zilipita bila taabu. Learjet yenyewe ilikoma kabisa, na ya mwisho ilikabidhiwa kwa mteja Machi 2022.

Na soko nalo lina misimu. Baada ya mtikisiko wa fedha wa 2008 maegesho ya Marekani yalijaa jeti zisizo na wateja, na wenye fedha taslimu walichagua kama watu sokoni jioni. Wakati wa janga la Korona mambo yakageuka: waliokuwa hawajawahi kumiliki ndege walitaka kujitenga na umati, mitumba ikaadimika, na nikasikia watu wakiruka ukaguzi ili wasipitwe. Hilo lilinitisha kuliko bei zenyewe. Mwenye haraka husoma daftari kwa kuhesabu kurasa.

Citation yetu ya Wichita ilikuja nyumbani Aprili 1998, nami nimekaa nyuma na makasha manne yamefungwa kamba kwenye viti. Hatukuyaweka kwenye buti la mizigo. Tulipitia Goose Bay ya Kanada, Reykjavik, Prestwick, Roma, Luxor, Djibouti. Siku ya nne tuliona vilima vya Ngong vikitoka kwenye ukungu, na magurudumu yakagusa uwanja ambao ulipewa jina la Florence Kerr Wilson, mjane aliyeanzisha Wilson Airways mwaka 1929. Mzee wangu alikuwa amestaafu tayari, lakini alikuja na fimbo yake. Hakuuliza kasi. Alipanda ngazi pole pole, akaketi kando ya makasha, akaomba miwani.

Nilimwonyesha ukurasa wa 1987. Aliusoma mara mbili, kisha akasema, "Huyu ni mwenzetu."

Ndege ile ilifanya kazi yetu miaka kumi na mmoja. Ilibeba wawekezaji, mawaziri, na mara nyingi wagonjwa mahututi kutoka Mwanza, Juba na Goma, kwani Wilson tangu madaktari warukao wa shirika la AMREF walipoanza 1957 ni uwanja unaojua thamani ya saa moja. Tulipoiuza, mnunuzi kutoka Afrika Kusini alileta fundi wake. Kijana yule alikaa kwenye meza yangu siku mbili akisoma, sita kati ya kurasa alizosoma zikiwa na mwandiko wangu. Sikumharakisha. Nilimletea chai.

Basi kwa mnunuzi nina neno moja: lipa mtu wa kusoma kabla hujalipa mtu wa kuuza, na daftari likiwa na pengo, ondoka hata kama viti ni vya ngozi ya maziwa. Kwa vijana mnaoshika spana leo Wilson, Dar es Salaam, Entebbe au Kigali, nina ombi. Mkimaliza kazi usiku, mmechoka, na bosi anataka ndege itoke alfajiri, msiandike "imekaguliwa, iko sawa" na kufunga kitabu. Andikeni mlichokiona, mlichokiondoa, mlichokirudisha, na idadi ya ribiti. Fundi wa Ohio mimi sikuwahi kumwona wala kujua kama yu hai, na watu kadhaa waliofika hospitali usiku wako hai kwa sababu aliandika sentensi sita za kweli.